Hesabu za Ziwa Victoria zakaguliwa kutoka angani

MFANYABIASHARA anayeomba mkopo benki hutakiwa kupeleka vitabu vyake vya hesabu, na benki haivitilii maanani mpaka viwe vimepitiwa na mkaguzi kutoka nje. Mwenye duka hawezi kuwa yeye huyo huyo wa kuthibitisha kwamba duka lina faida. Kanuni hiyo, ambayo kila mwenye leseni anaijua, ndiyo inayotumika leo kulikagua Ziwa Victoria. Tofauti ni kwamba mkaguzi wa ziwa yuko angani, zaidi ya kilomita 1,300 juu ya Mwanza, Kisumu na Jinja.

Mkaguzi huyo ni setilaiti. Hupita, hupima kina cha maji na kwenda zake, kisha hurudi baada ya siku 10 kupima tena. Kwa wenye mitumbwi na boti, viwanda vya minofu ya sangara, mamlaka za maji za miji na wanunuzi wa hisa za kampuni za umeme, taarifa hizo zina thamani ya fedha. Hutolewa bure, lakini hazimsaidii asiyejua kuzisoma. Ndiyo maana kujifunza teknolojia ya setilaiti na ramani, somo lililokuwa la wapima ardhi na wanajeshi, sasa ni jambo la kufikiriwa na watu wa biashara.

Mapato, matumizi na salio

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800. Karibu nusu yake iko Tanzania, Kenya ina asilimia 6 hivi, na sehemu iliyobaki ni ya Uganda. Kwa jicho la mhasibu, hiyo ni akaunti moja yenye wateja watatu wanaoruhusiwa kuchota.

Upande wa mapato, zaidi ya robo tatu ya maji huingia kama mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa. Yanayobaki huletwa na mito, mkubwa kuliko yote ukiwa Kagera. Upande wa matumizi, sehemu kubwa hupaa kama mvuke kwa jua na upepo. Kinachosalia hutoka kwa mlango mmoja tu, ulioko Jinja, ambako Mto Nile huanza safari yake ya kwenda Sudan na Misri. Salio la akaunti hiyo ndicho kina cha maji ziwani.

Mvua na mvuke haviamriwi na mtu. Mlango wa Jinja unaamriwa. Bwawa la Owen Falls, ambalo sasa huitwa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954, na tangu hapo maji hutoka kwa kadiri milango na mitambo inavyofunguliwa. Uingereza, iliyokuwa ikitawala Uganda wakati huo, ilikubaliana na Misri kwamba maji yatakayotolewa yalingane na yale ambayo yangetoka yenyewe kama bwawa lisingejengwa. Makubaliano hayo yalichorwa kwenye grafu: ziwa likipanda, toa zaidi, likishuka, punguza. Ni sawa na mwenye duka aliyeapa kutumia kulingana na mauzo.

Salio laporomoka

Mwaka 2000 Uganda ilianza kupata umeme kutoka kituo cha pili cha Kiira, kilichojengwa karibu na kile cha zamani. Mtambo wa zamani una uwezo wa megawati 180 na Kiira megawati 200. Vyote viwili vinatumia maji ya ziwa lile lile.

Kuanzia mwaka 2004 ziwa lilianza kushuka kwa kasi. Kufikia 2006 maji yalikuwa yamefikia kina cha chini kabisa kwa muda wa takriban miaka 80. Gati za kushushia mizigo zikabaki juu ya maji, ufuo ukasogea mbali na mialo, na vinywa vya mabomba ya maji ya miji vikakaribia uso wa ziwa. Maeneo ya majani ya kandokando, ambako sato huzaliana, yakakauka. Uganda ilipopunguza maji ya kuendeshea mitambo, mgao wa umeme ukawa mkali, mitambo ya dizeli ikakodishwa, na wateja wakapandishiwa bei.

Nani alikuwa amechota? Maofisa wa Uganda walitaja ukame. Ukame ulikuwapo kweli. Mwaka huo huo Tanzania nayo ilikuwa kwenye mgao mkali wa umeme kwa sababu bwawa la Mtera lilikuwa limepungukiwa maji. Lakini Februari 2006 mtaalamu wa maji, Daniel Kull, alitoa ripoti iliyodai kwamba ukame ulichangia kiasi cha asilimia 45 tu ya kushuka kwa ziwa katika miaka ya 2004 na 2005. Asilimia 55, kwa hesabu zake, ilitokana na mabwawa ya Jinja kutoa maji kupita grafu ya makubaliano.

Ubishi ukazuka. Ili kuumaliza ilitakiwa kuona daftari la maji yanayopita bwawani siku kwa siku, na daftari la namna hiyo si tangazo la kubandikwa ukutani kila mtu asome. Mvuvi wa Ukerewe au mwenye kiwanda cha minofu wa Mwanza hakuwa na njia ya kulidai.

Kipimo hupatikanaje

Hapo ndipo mkaguzi wa angani alipoonyesha kazi yake. Agosti 1992 Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti iitwayo TOPEX/Poseidon kwa ajili ya kupima bahari. Njia yake ilipita pia juu ya Ziwa Victoria. Ilifuatiwa na Jason-1 mwaka 2001, Jason-2 mwaka 2008, Jason-3 mwaka 2016 na Sentinel-6 iliyorushwa Novemba 2020. Kila mpya ilirushwa kushika njia ya iliyotangulia, kwa hiyo kumbukumbu za ziwa zinafuatana kwa zaidi ya miaka 30.

Utaratibu wake si mgumu kuelewa. Setilaiti hutuma wimbi la rada chini, wimbi hugonga uso wa maji na kurudi. Safari ya kwenda na kurudi huchukua kama sehemu 9 kati ya elfu moja za sekunde. Kwa kuwa kasi ya wimbi inajulikana, na mahali setilaiti ilipo panajulikana, umbali hadi majini hupatikana kwa kuzidisha. Umbali ukiongezeka ziwa limeshuka; ukipungua limepanda. Kwenye ziwa kubwa kama Victoria kosa la kipimo huwa sentimita chache.

Mwaka 2002 zilirushwa setilaiti nyingine mbili, zikiitwa GRACE, zilizokuwa zikifuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Hizo hazikupiga picha. Zilipima mvuto wa dunia. Sehemu yenye maji mengi ni nzito zaidi, na iliyo nzito huivuta setilaiti ya mbele kabla ya kuivuta ya nyuma, hivyo nafasi kati yao hubadilika kidogo sana. Kutokana na mabadiliko hayo wataalamu huweza kusema kama nchi nzima ya bonde, pamoja na udongo na maji ya chini ya ardhi, imeongeza au imepoteza maji. Ni kama kumpima mtu kwenye mizani bila kumsachi mifukoni.

Watafiti wawili wa Marekani, Sean Swenson na John Wahr, walizikutanisha hesabu hizo mbili, ya kina na ya uzito, kwa miaka ya 2003 hadi 2008. Kama tatizo lingekuwa ukame peke yake, ziwa na nchi inayolizunguka vingepungukiwa kwa uwiano unaoeleweka. Haikuwa hivyo. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009, hali ya hewa ilieleza takriban nusu tu ya kushuka kwa ziwa. Nusu nyingine ilitokana na uendeshaji wa binadamu. Jambo la kuzingatia kwa mtu wa biashara ni kwamba hawakuhitaji daftari la bwawa ili kufikia hapo. Walikagua akaunti bila kuomba ruhusa ya mwenye funguo.

Sentimita moja ni kiasi gani

Wapo wanaoona kwamba kushuka au kupanda kwa sentimita moja ni jambo dogo. Hesabu yake ni hii: sentimita moja juu ya eneo la kilomita za mraba 68,800 ni maji ya mita za ujazo milioni 688. Mita moja ni bilioni 68.8. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, ambalo ni kubwa kuliko yote nchini, huhifadhi mita za ujazo bilioni 30 na ushei. Kwa maneno mengine, mita moja ya Ziwa Victoria ni kama mabwawa mawili ya Nyerere.

Na wanaolitegemea salio hilo si watu wa ufukweni peke yao. Tangu miaka ya mwisho ya 2000 maji ya ziwa husafirishwa kwa bomba kutoka Ihelele mkoani Mwanza hadi Shinyanga na Kahama, na baadaye bomba likaendelezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora. Mwenye nyumba ya wageni Tabora ni mteja wa ziwa hata kama hajawahi kuliona. Huko Uganda, Bujagali yenye megawati 250 ilifunguliwa mwaka 2012, ikafuatiwa na Isimba mwaka 2019 na Karuma yenye megawati 600 mwaka 2024. Zote ziko kwenye Nile chini ya Jinja. Mtaji umeongezwa juu ya mlango ule ule.

Hasara ya upande wa pili

Isidhaniwe kwamba hatari ni kushuka tu. Oktoba 1, 2019 kipimo cha Jinja kilisoma mita 12.00. Aprili 30, 2020 kilisoma mita 13.32. Hayo ni maji ya zaidi ya mita za ujazo bilioni 90 yaliyoingizwa kwa miezi saba. Mei 2020 kipimo kilifika mita 13.42 na kuipita rekodi ya mita 13.41 iliyodumu tangu Mei 1964. Kati ya hali ya 2006 na hiyo ya 2020 pana tofauti ya karibu mita 3.

Safari hii hasara ilikuwa ya waliojenga karibu mno. Mialo, hoteli, maghala na nyumba za kandokando katika nchi zote tatu viliingiliwa na maji, na maelfu ya watu wakahama. Aprili 2020 kisiwa cha majani yanayoelea kiliziba mitambo ya Nalubaale na kuisababishia Uganda kukatika umeme nchi nzima.

Hapa ndipo ramani inapofaa kuliko mazungumzo. Aliyenunua kiwanja ufukweni mwaka 2006, maji yakiwa mbali, alinunua ardhi ambayo ziwa lilikuwa limeiazima kwa muda. Picha za setilaiti za miaka ya nyuma zingemwonyesha maji yaliwahi kufika wapi. Mwaka 2016 kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya kilichapisha ramani ya maji ya dunia iliyotokana na picha zipatazo milioni 3 za setilaiti za Landsat, za kuanzia 1984 hadi 2015. Kila kipande cha ardhi cha mita 30 kwa 30 kinaonyesha kimekuwa na maji kwa kiasi gani katika miaka hiyo. Kumbukumbu za 1964 hazimo, kwa hiyo mnunuzi mwangalifu atawauliza na wazee wa mahali.

Bei ya picha na gharama ya kujifunza

Soko la bidhaa hii limebadilika kuliko la bidhaa nyingi. Hadi mwaka 2008 picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600 za Marekani, na ziwa hili haliingii katika picha moja. Mwisho wa mwaka huo Marekani iliondoa bei na kuzitoa picha zote bure. Umoja wa Ulaya ukafuata njia hiyo kwa setilaiti zake za Sentinel: Sentinel-1 ya rada, iliyorushwa 2014, huona kupitia mawingu ya masika, na Sentinel-2, iliyorushwa 2015, hutoa picha zenye uwezo wa kuonyesha kitu cha mita 10. Programu ya kompyuta ya kuchorea ramani iitwayo QGIS nayo ni ya bure.

Bidhaa ikiwa bure, gharama huhamia kwenye ujuzi. Mwanafunzi wa somo hili huanza na ramani yenyewe: jinsi ya kutaja mahali kwa namba ili ramani mbili zikae moja juu ya nyingine bila kupishana. Kisha hufundishwa kusoma picha. Maji humeza mwanga wa infraredi ambao jicho halioni, wakati majani huurudisha kwa wingi, hivyo kwa kulinganisha mwanga huo na wa kijani kompyuta huweza kutenga maji na nchi kavu. Hufuata ramani ya miinuko. Februari 2000 chombo cha Endeavour cha Marekani kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada, na kutokana na vipimo hivyo mwanafunzi anaweza kuchora mpaka wa bonde na kuonyesha tone la mvua likianguka kwenye kilima fulani litaishia mto gani.

Mafunzo hayo hayako mbali. Nairobi kuna kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali kilichoanzishwa mwaka 1975. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam hufundisha upimaji na elimu ya ramani. Wanaotaka kusafiri wanakijua chuo cha ITC cha Enschede, Uholanzi, kilichoanzishwa mwaka 1950, ambacho kimesomesha wataalamu wengi wa ramani kutoka Afrika.

Tahadhari kwa mnunuzi

Kila bidhaa mpya ina walanguzi wake, na hii pia. Setilaiti haioni maji yaliyo chini ya kiwanja cha mtu. Setilaiti za mvuto hupima nchi yenye upana wa mamia ya kilomita. Haziwezi kusema kisima kichimbwe nyuma ya nyumba au mbele. Picha huweza kuonyesha nyufa za miamba na majani yanayostawi wakati wa kiangazi, ambazo ni dalili nzuri ya kuanzia, lakini baada ya hapo lazima mtaalamu afike na vifaa vyake apime ardhi. Anayedai malipo ya kisima kwa picha ya setilaiti pekee aombwe kwanza ripoti ya upimaji wa ardhini. Tena, kwa Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka mwenye kutumia maji kibiashara awe na kibali cha bodi ya maji ya bonde lake. Picha haichukui nafasi ya kibali.

Pia mkaguzi wa angani hawezi kufanya kazi peke yake. Unyevu wa hewa huchelewesha wimbi la rada na lazima usahihishwe. Kipimo cha setilaiti hulinganishwa na ubao wa kupimia uliosimikwa ufukweni, na ubao huo unahitaji mtu wa kuusoma na mshahara wa kumlipa. Nchi inayoacha vituo vyake vya kupimia vife kwa kutegemea setilaiti itabaki na hesabu isiyo na hati za malipo.

Mwekezaji mdogo afanye nini

Mei 2006, mwaka ule ule wa ukame, hisa za kampuni ya umeme ya Kenya, KenGen, ziliingizwa kwenye soko la Nairobi baada ya serikali kuuza asilimia 30 kwa shilingi 11.90 za Kenya kwa hisa. Wanunuzi wadogo walijipanga kwa wingi. Waraka wa mauzo ulieleza fedha, lakini malighafi kubwa ya kampuni wakati huo ilikuwa maji ya mabwawa ya Mto Tana. Miaka mitatu baadaye, Juni 2009, kituo cha Masinga kilisimamishwa kwa kukosa maji. Bwawa la Masinga linaonekana vizuri kwenye picha za Landsat, na kusinyaa kwake kunaweza kupimwa na mtu mwenye kompyuta ya kawaida. Tangu hapo kampuni hiyo imeongeza sana umeme wa joto la ardhini, lakini somo kwa mwenye hisa linabaki.

Kwa hiyo anayetaka kuweka fedha kwenye umeme, samaki, kilimo cha umwagiliaji au kiwanja cha ufukweni aongeze swali moja kwenye yale anayouliza siku zote: maji yamekuwaje kwa miaka 20 au 30 iliyopita, na ni nani aliyeyapima? Kwa Ziwa Victoria, taasisi za Marekani na Ulaya zimekuwa zikichapisha mstari wa kina cha maji ambao mtu yeyote anaweza kuusoma kama asomavyo grafu ya bei. Mstari ukishuka wakati mvua ni nzuri, ipo sababu ya kuuliza kuhusu mlango wa Jinja. Ukipanda miezi sita mfululizo, mwenye ghala la ufukweni aanze kutafuta mahali pa juu.

Setilaiti haifungui wala haifungi lango la bwawa. Uamuzi huo bado ni wa serikali na wa makubaliano kati ya nchi, na ubishi wa nani achote kiasi gani haujafika mwisho. Kilichobadilika ni kwamba hesabu za ziwa haziko tena mikononi mwa mwenye funguo peke yake. Mwaka 2006 mvuvi na mwenye kiwanda waliambiwa tu kwamba ni ukame. Atakayeambiwa hivyo safari ijayo ana mahali pa kwenda kuhakikisha.